Seti Mbili za Meno na Mguu Mmoja wa Mbuzi

Soko la Burma lina wachoma nyama wengi, na kila mmoja ana lake la kujivunia. Kuna mwenye chumvi yake, kuna mwenye kachumbari yake, na kuna mwenye mdomo tu. La Sylvance Opiyo lilikuwa kionjo. Nyama ikitoka motoni, hakumpelekea mteja moja kwa moja. Alikata kipande cha kwanza mbele ya watu, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akatafuna polepole huku amefumba macho, kisha akatoa hukumu. Akisema imeiva, mnakula. Akisema bado, nyama inarudi motoni, hata kama mteja ni mheshimiwa aliyekuja na walinzi wawili. Watu walitoka Umoja na Eastleigh, wakayapita mabucha kumi yenye moshi mtamu tu, ili waje kwa Sylvance wamtazame akifumba macho.

Tatizo lilikuwa moja. Sylvance alikuwa kibogoyo.

Meno yalikuwa yamemwacha moja moja, kama wapangaji wanaohama nyumba inayovuja. La mwisho liling'oka mwaka wa pili wa korona, na hapo barakoa ikamwokoa. Wenzake walipozivua zao na kuzitupa, yeye aliendelea kuvaa yake. Akiulizwa, alisema ni moshi, kifua kimezeeka. Saa ya kionjo ilipofika aliinua barakoa kidogo, akatia nyama, akaishusha, akachezesha taya kama anayetafuna. Nyama yenyewe ilikuwa imekaa shavuni, imetulia. Halafu angesema, "Imeiva," akazunguka nyuma ya magunia ya makaa na kuitema. Paka wa upande ule wa soko alinenepa mpaka akaanza kudharau panya.

Kwa miaka mitatu, basi, hakuna nyama iliyorudi motoni kwa Sylvance. Shavu halijui kusema bado. Alikisia kwa macho na kwa kidole, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na uzoefu wa miaka arobaini, mara nyingi alipatia. Siku alizokosea alizijua. Alimwona mteja akihangaika na mbavu, akimtazama kwa heshima kana kwamba kosa ni lake mteja, naye Sylvance alijisikia vibaya sana. Jioni alirudi kwake mtaa wa Tena, akala ugali uliolowekwa kwenye supu aliopakuliwa na mkewe Roseline, ambaye alijua kila kitu na hakusema kitu. Jambo alilolitaka Sylvance duniani lilikuwa dogo: atafune nyama mbele ya watu, na neno lake liwe kweli tena.

Aliyemfumania ni bintiye Amondi, aliyekuwa akisimamia ugali na kachumbari pale kibandani. Siku moja alizunguka nyuma kuchota makaa, akamkuta babake ameinama.

"Baba, unamlisha paka mbavu ya mteja?"

Sylvance aliinuka polepole akitafuta uongo. Uongo wote ulikuwa umekwisha, ikabidi aseme kweli.

"Aki baba," Amondi alisema alipokwisha kusikia. "Miaka tatu? Na hiyo mask nilikuwa natetea kwa watu, eti mzee wangu ana kifua." Alitaka kukasirika lakini kicheko kikamwahi, akacheka mpaka akakalia gunia. Sylvance naye, akiwa bado ameona haya, alijikuta anacheka kwa ufizi mtupu. Wiki haikuisha kabla Amondi hajapata habari kwamba kliniki moja ya chuo kule mjini ilikuwa inatafuta wazee wasio na jino hata moja.

Daktari waliyemkuta aliitwa Waruguru. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa nasari, na alizungumza na Sylvance kana kwamba hakuna mzee mwingine aliyewahi kupungukiwa meno.

"Mzee, tunalinganisha njia mbili za kutengeneza meno ya bandia, ya juu na ya chini. Moja ni ndefu. Ndiyo tuliyofundishwa wote, na mgonjwa anakuja mara tano. Nyingine ni fupi, tunaruka hatua kadhaa, anakuja mara tatu. Wewe tutakutengenezea seti zote mbili. Utavaa moja wiki sita, halafu nyingine wiki sita, kisha utuambie ukweli."

"Na nitajua ipi ni ipi?"

"Hapana. Moja itakuwa na alama nyekundu, nyingine alama ya buluu. Mimi najua, lakini sitakwambia mpaka ujaze fomu ya mwisho."

Sylvance alimtazama kwa huruma. Mtu aliyechoma nyama miaka arobaini hahitaji utafiti kujua jambo hilo. Moto wa haraka huunguza nje na kuacha ndani damu, mtoto yeyote wa Burma anajua.

"Binti yangu," alisema, "njia ya mwongo ni fupi."

"Tutaona, mzee."

Njia ndefu ilimfurahisha kwa jinsi ilivyokuwa na shughuli. Siku ya kwanza walimjaza kinywa uji mzito wa pinki ndani ya trei ya chuma, ukaganda, ukavutwa ukatoka kwa sauti ya buti kwenye matope. Siku ya pili walileta trei nyingine, iliyokatwa kwa umbo la kinywa chake mwenyewe, wakaizungushia kingoni kitu cha kahawia kilicholainishwa kwa moto, wakamwamuru atoe ulimi, ameze mate, aseme "uu", aseme "ii". Siku ya tatu wakamvika chuma chenye ncha za kuingia masikioni, kupima taya lake linavyofunga. Ya nne akajaribu meno yaliyopandwa kwenye nta, akajitazama kwenye kioo na kumwona kaka yake marehemu. Ya tano yakatiwa kinywani kwa muda mfupi tu, kisha daktari akayafungia kabatini, ayatie alama seti zote mbili zikiwa tayari. Alitoka pale kila mara akijiona mtu aliyeshughulikiwa sawasawa.

Njia fupi ilimuudhi. Uji wa pinki mara moja tu, siku nyingine aume nta na kuchagua rangi, siku ya tatu yajaribu meno mara moja uende. Alimlalamikia Amondi wakirudi nyumbani kwamba hata kinyozi humzungusha mtu zaidi ya hapo.

Seti ya nyekundu ndiyo aliyoanza nayo. Ilikuwa nzuri kwa macho, na ilimuuma. Ya chini ilimkwaruza chini ya ulimi, daktari akaisugua kidogo, ikamkwaruza kwingine. Akitafuna upande mmoja, upande wa pili uliinuka ukapiga kofi. Mtu mwingine angelalamika. Sylvance aliridhika. Kiatu cha ngozi halisi lazima kikubane mwanzoni, aliwaza, ni cha plastiki tu kinachokuingia siku hiyo hiyo. Hii ndiyo ya njia ndefu, akasema moyoni, na akavumilia wiki sita kama mwanamume.

Seti ya buluu ilipokuja, ilikaa kinywani ikanyamaza. Haikuuma popote, na kwa sababu hiyo aliidharau tangu siku ya kwanza. Jioni moja nyumbani, Roseline alimpakulia nyoyo, yale mahindi na maharagwe ambayo kwa miaka mitatu alikuwa akimpondea. Safari hii alisahau kuponda. Sylvance alikuwa akitazama taarifa ya habari na kuwagombeza wanasiasa, mkono ukienda sahanini na kurudi.

"Baba Amondi," Roseline alisema, "umemaliza."

"Nimemaliza nini?"

"Nyoyo. Sikuponda."

Sylvance alitazama sahani, akapitisha ulimi kwenye meno. Furaha ilimpanda, lakini alikuwa mbishi, akasema tu kwamba yale mahindi lazima yalikuwa machanga.

Na nyama? Nyama hakuithubutu. Pale Burma alivaa barakoa kama kawaida, meno yakiwa ndani yake, na kionjo kiliendelea kukaa shavuni. Aliogopa. Aliona kama ndoto ile seti ikichomoka na kuanguka juu ya kibao, katikati ya kachumbari, mbele ya Zakariye. Huyu Zakariye alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Eastleigh, mteja wake wa miaka kumi na mitano, mtu ambaye huwezi kumuuzia mbuzi wala kununua kwake bila kusikia jina la Sylvance. "Nyama aliyoipitisha yule mzee, wewe kula," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wageni wake.

Wiki kumi na mbili zilipotimia, Sylvance alikwenda kliniki kujaza fomu. Kila swali lilikuwa na mstari wa kuanzia sifuri, mbaya kabisa, hadi kumi, nzuri kabisa, unaweka alama penye ukweli wako. Kutafuna, kuongea, maumivu, kukaa imara. Aliweka kumi kila mahali, akamrudishia daktari karatasi kwa adabu.

Waruguru aliisoma, akaiweka mezani.

"Mzee, umenipa kumi kila swali. Seti zote mbili."

"Zote ni nzuri, daktari. Mmefanya kazi."

"Nyekundu ilikutia kidonda mara mbili. Niliitibu mimi."

"Ni vidonda vya kawaida. Siwezi kukuharibia jina, binti yangu, na vile umenihudumia."

Waruguru alivuta kiti akaketi karibu naye. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Sylvance zaidi.

"Nikueleze kwa nini nauliza," alisema. "Kuna mama mmoja wa Mukuru kwa Reuben, anafanya kazi ya vibarua kiwandani. Asipofika siku moja, nafasi inachukuliwa. Huyo siwezi kumwambia aje mara tano. Lakini pia siwezi kumpa meno mabaya kwa sababu yeye ni wa vibarua. Sasa nataka kujua kama njia fupi inatosha. Nina wazee arobaini hapa wa kuniambia, na nusu yao wananiambia zote ni nzuri kwa sababu wana adabu. Ukiniambia zote ni nzuri, hujaniambia kitu."

Sylvance aliinama akatazama viatu vyake. Alimkumbuka mteja anayehangaika na mbavu na kudhani kosa ni lake. Aibu ilimshika, si ya kutokuwa na meno, hiyo alikuwa ameizoea, bali ya neno lake lililokuwa limegeuka kuwa la bure. Akamweleza daktari yote: barakoa, shavu, paka. Waruguru alijitahidi asicheke, na kwa paka alishindwa.

"Kwa hivyo nyama hujaijaribu kabisa? Na seti yoyote?"

"Sijathubutu. Na hiyo karoti mlinipa nitafune hapa, daktari, usikasirike, karoti si kitu. Mtu hawezi kuhukumu meno kwa karoti." Akainua kichwa. "Njoo Burma Jumanne, saa nane mchana. Beba fomu mpya. Nitakuhukumia kwa mbuzi."

"Fomu haisemi mtu atafunie wapi," daktari alisema, na akaandika Jumanne kwenye kitabu chake.

Jumanne ni siku ya wateja wachache, ndiyo maana aliichagua. Lakini Burma haina siri. Waliposikia kwamba daktari wa meno anakuja kumtazama Sylvance akila, wenye mabucha walitundika visu vyao wakaja, akina mama wa mboga wakaja, na Zakariye, ambaye hakuwa na safari ya Burma siku hiyo, alikuja na wageni watatu. Sylvance alikuwa amechoma mguu mzima wa mbuzi tangu asubuhi, kwa moto wake ule wa taratibu, akiugeuza na kuunyunyizia maji ya chumvi.

Amondi aliweka kibao mezani, na pembeni bakuli mbili za maji safi, ndani yake seti mbili. Watu walizitazama bila kuelewa.

Sylvance alivua barakoa. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea, na kidevu kilikaribia pua.

"Majirani," alisema, na sauti ikatoka ya ufizi, wote wakaisikia ilivyo. "Mimi ni kibogoyo miaka mitatu sasa. Kionjo nilikuwa natema. Neno 'imeiva' nimewauzia bure, sikuwa na haki nalo. Leo nataka kulirudisha."

Wa kwanza kusema ni Zakariye, na alikuwa amekasirika kweli.

"Subiri, mzee. Mwaka jana, ile siku ya mbavu. Mimi nilitafuna ile mbavu nusu saa ikanishinda, na wewe ulikuwa umesema imeiva. Nikajua shida ni meno yangu. Wallahi nilienda hospitali. Nilipigwa picha ya meno yote."

"Wakasema nini?" Waruguru aliuliza.

"Walisema meno yangu ni ya kijana." Zakariye aliwageukia watu, akatafuta wa kumuunga mkono, akaona mama wa mboga amejifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Kicheko kikaanzia hapo, kikamfikia mwenye bucha la jirani, kikarudi na kumkamata Zakariye mwenyewe. Alicheka akijipigapiga paja. "Haya, vaa meno yako, mzee. Lakini leo usinidanganye."

Sylvance alivaa nyekundu. Akakata kipande, akatia, akafumba macho. Akatafuna upande wa kulia, na upande wa kushoto ukainuka ukapiga kofi kama ulivyozoea, safari hii watu wakasikia. Alijikaza akameza kipande kikiwa kikubwa.

"Utamu upo," alisema, "lakini ya chini inacheza. Nyama imenishinda kufika katikati. Daktari, andika."

Waruguru akaandika. Sylvance akasuuza kinywa, akavaa buluu, akakata kipande kingine kutoka palepale karibu na mfupa. Alitafuna kulia. Akahamisha kushoto. Amondi alimwona babake akipunguza mwendo, halafu akisimama kabisa na macho bado yamefumbwa, akadhani meno yameanguka. Kumbe alikuwa anasikiliza. Nyama ilikuwa imelainika nje, chumvi imeingia vizuri, lakini karibu na mfupa kulikuwa na uzi uliogoma, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa pili wa korona aliusikia kwa jino.

Alifumbua macho.

"Nyama hii bado," alisema.

"Baba, umechoma mwenyewe," Amondi alimwambia. "Watu wako na njaa."

"Wangoje. Aliyechoma alikuwa na haraka ya kuonekana. Rudisha."

Mguu ukarudi motoni, na Zakariye akawageukia wageni wake kwa fahari, kana kwamba mguu ule aliuchoma yeye. "Mmeona? Mnaona mtu huyu?"

Wakati nyama ikingoja, Sylvance aliketi na fomu mpya. Safari hii hakuweka kumi kila mahali. Nyekundu aliipa nne kwa kutafuna na tatu kwa maumivu, akasita, kalamu ikiwa hewani, akamtazama daktari, kisha akaiacha hivyo hivyo. Buluu aliipa tisa kwa kutafuna. Kwa kuongea aliipa nane, kwa sababu neno "fisi" bado lilikuwa linamsumbua. Akatia sahihi.

"Sasa niambie," alisema. "Nyekundu ndiyo ndefu, si ndiyo? Mimi na njia ndefu tumekosana?"

"Nyekundu ndiyo ndefu," Waruguru alijibu. "Buluu ni zile za siku tatu." Akaongeza haraka kwamba Sylvance ni mtu mmoja kati ya arobaini, kwamba wako waliosema kinyume chake kabisa, na wako wasioona tofauti. Hakuna aliyemsikiliza, maana Amondi alikuwa ameshaanza.

"Haya baba. Tangu nizaliwe ni moto wa polepole, moto wa polepole. Haraka haraka haina baraka. Umetuimbia mpaka nikaota."

Sylvance alijua soko zima linangoja atoke vipi.

"Moto wa polepole ni wa nyama," alisema. "Sikuwahi kusema ni wa meno."

Walimpigia makofi kwa hilo. Akaona aseme na jingine, akamgeukia Waruguru na kumwomba radhi kwa ule usemi wa njia ya mwongo. Daktari alimwambia kwamba yule mama wa Mukuru angefurahi kusikia habari za leo. Sylvance akasema akipata meno yake aje Burma, kionjo atapewa yeye.

Mguu ulipotoka motoni mara ya pili, Sylvance aliuweka kwenye kibao na watu wakasogea. Alikata kipande kutoka palepale karibu na mfupa. Akatia kinywani, akafumba macho. Akatafuna kulia, akatafuna kushoto, mpaka mwisho, akameza. Watu wakangoja neno.

Hakusema neno. Alikata kipande cha pili, akakila. Akakata cha tatu, akakichovya kwenye chumvi, na machozi yakawa yanamtoka bila yeye kuyajali, yakifuata mikunjo ya mashavu yaliyokuwa yamejaa tena. Wageni wa Zakariye walitazamana. Cha nne alikikata kikubwa zaidi, cha mtu wa miaka ishirini.

"Mzee," Zakariye aliuliza kwa upole, "imeiva au bado?"

Sylvance alivuta kibao karibu na kifua chake.

"Niache kwanza," alisema na kinywa kimejaa. "Nakula."